Paa la Yai

Zaituni alinipigia simu siku ya Alhamisi asubuhi, nikiwa nimekaa nje ya nyumba yangu hapa mjini Wote nikichambua pojo. Nilipoona namba nisiyoijua nilitaka kuikata, maana siku hizi namba ngeni huwa ni za watu wanaotaka kuniuzia bima ya mazishi, kana kwamba wameniona nikielekea huko. "Ni Anti Mwende?" sauti ikauliza. "Mimi ni Zaituni, binti ya Rukia wa Mwingi." Nikajua kabla hajamaliza. Mama yake alikuwa amefariki Jumanne alfajiri na kuzikwa siku hiyo hiyo kabla ya alasiri, kama desturi yao ilivyo. Nikamuuliza, kwa ukali ambao sikuwa na haki nao, mbona hawakuniambia mapema. "Alituambia wewe upigiwe baada ya mazishi, Anti. Alisema ukiitwa kabla hutakuja." Nilimshukuru, nikamwambia nitafika Jumamosi, nikarudi kwenye ungo wangu. Baadaye niligundua kwamba nilikuwa nimezitupa pojo na kuyaacha mawe.

Habari za ukoo wangu nitaziacha, hazina ladha na hazihusiki. Itoshe kusema kwamba nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilifika Kitui mjini nikiwa na mfuko mmoja na viatu vya mtu mwingine, na Bi Zuhura akanichukua kwenye karakana yake ya kushona viti vya magari. Bi Zuhura alikuwa mjane, wazee wake walitoka pwani wakaja kufanya biashara ukambani wakazoea, na yeye mwenyewe aliongea Kikamba cha sokoni vizuri kuliko sisi tuliozaliwa nacho. Karakana ilikuwa chumba kirefu nyuma ya nyumba yao, chenye cherehani tatu, meza ya kukatia, na pazia la kitenge lililotutenganisha na sebule. Kulikuwa na harufu ya gundi, sponji mpya na tangawizi. Nililala kwenye chumba kidogo cha kando, juu ya viti vya lori vilivyosubiri wenyewe, na sijawahi kulala vizuri kama pale. Ijumaa tulikula pilau. Jumatatu ilikuwa zamu yangu ya kupika, nikapika muthokoi, na Bi Zuhura aliula ule mchanganyiko wetu wa mahindi yaliyokobolewa na maharage kwa heshima tu, lakini Rukia, binti yake, aliomba sahani ya pili na kukwangua sufuria.

Rukia tulikuwa rika moja. Alikuwa mrefu, mwenye kicheko kilichotangulia mwili wake chumbani, na alikuwa na gari. Nasema gari kwa kukosa neno. Mwalimu mmoja mzungu alikuwa amelileta kushonewa viti miaka miwili kabla sijafika, akaitwa kwao ghafla, asirudi tena. Kuku wa Bi Zuhura wakalihamia. Lilikuwa dogo na la mviringo, rangi ya maziwa, na magurudumu matatu, mawili mbele na moja nyuma. Ubavuni halikuwa na mlango wowote. Ulishika kitasa puani mwake, na uso mzima wa gari ukafunguka kama mlango wa friji, usukani nao ukifuata mlango, nawe ukaingia kwa kugeuka na kurudisha makalio. Ndani kulikuwa na benchi moja la watu wawili wanaopendana. Injini ilikuwa nyuma, ya silinda moja, yenye sauti ya mtu anayetwanga kwa hasira. Rivasi haikuwepo kabisa. Ukitaka kurudi nyuma, ulishuka ukalivuta. Watu wa mjini waliliita Yai, na watoto walilikimbilia wakipiga kelele "Itumbi! Itumbi!", yai kwa Kikamba, mpaka mwisho wa lami.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini tulilipenda vile, maana lilikuwa kituko. Nadhani ni kwa sababu lilikuwa la kipimo chetu. Magari mengine yote yaliyoingia uani yalikuwa ya wanaume: malori ya mifugo, pikapu za maduka, landirova za serikali, na sisi tulikuwa tunatambaa ndani yake na sindano midomoni kama viroboto. Yai halikumtisha mtu yeyote. Mzee mkali wa sokoni aliyekuwa hajibu salamu ya mtu alisimama akalicheka mpaka akalazimika kujifuta macho. Polisi alitusimamisha njia ya Kabati, akalizunguka mara mbili, akauliza, "Sasa hii, mkigonga ng'ombe, nani ataomba msamaha?" akatuachilia. Rukia aliliosha kinyesi cha kuku kwa siku nne, akamsumbua fundi wa pikipiki mpaka akaliamsha, akajifunza kuliendesha uani huku akizunguka kisima.

Shida ilikuwa Mjomba Omari, kaka yake Bi Zuhura. Alikuwa mfanyabiashara wa nguo, mtu wa safu ya kwanza msikitini, na kwa kuwa dada yake hakuwa na mume alijiona mwenye kauli ya mwisho katika nyumba ile. Alitaka gari liuzwe na Rukia aolewe, na alikuwa na mchumba tayari, muuza mifugo wa Mwingi. Rukia alitaka kufanya kazi ya kupeleka viti vilivyomalizika kwa wateja na kuleta vilivyochanika, biashara yake mwenyewe ndani ya biashara ya mama. Nilisikia mashauri yote kupitia pazia la kitenge, mguu wangu ukiwa umesimama juu ya pedeli. Mwisho Bi Zuhura akakata shauri. "Mwaka mmoja, Rukia. Kutoka Idi hii mpaka siku za Idi ya mwakani ziishe. Lisituletee aibu hata siku moja. Mwaka ukitimia salama, gari ni lako na maneno ya posa yamekwisha. Likituletea aibu, linauzwa, nawe utamsikiliza mjomba wako." Rukia akasema, "Nimekubali, mama," kisha akapitisha kichwa kwenye pazia akanikonyeza.

Mwaka ule ndio ninaouita wangu. Tulienda Zombe na viti vya lori vimefungwa juu ya paa mpaka Yai likaonekana kama chungu kilichojitwika. Tulipanda Mbooni, na kwenye mlima mkali nilishuka nikasukuma huku wazee wa shamba wakituuliza kama tumeishiwa na pesa za gari zima. Tulikula mahamri barabarani kwa mikono yenye gundi. Rukia alinifundisha dua ya safari na mimi nikamfundisha matusi mawili ya Kikamba, ambayo aliyatumia vibaya na kwa furaha. Sikuwa nimewahi kuwa na rafiki. Naliandika hilo bila kutafuta huruma, ni jambo la kweli tu, na ndilo lililonifanya nitende nililotenda.

Vumbi ndilo lililotusumbua. Paa la Yai lilikuwa tundu la mraba lililofunikwa kwa turubai, nalo lilikuwa kuukuu na limelegea, linafungwa kwa vifungo vinne vya shaba. Vumbi jekundu liliingia pale likatupaka, na Rukia akawa anashuka kwa wateja nyusi zikiwa nyekundu. Idi ilipokaribia, ile ya kutimiza mwaka, Mjomba Omari alitoa habari iliyotushangaza sote. Siku ya Idi pili angependa kupelekwa Mbooni kwa Yai, kumsalimia rafiki yake wa biashara. Rukia aliruka. Alielewa, na mimi nilielewa, kwamba mzee alikuwa amelegea. Akifika salama na kanzu yake nyeupe, mambo yamekwisha.

Basi nikaamua kumpa Rukia zawadi. Siku ya Idi yenyewe, wao walipokuwa wakitembelea majirani mchana, nilitoa turubai jipya la lori, zito, nikalikata kwa kipimo, nikalishona pande zote nne kwenye ukanda wa leza, ile ngozi ya bandia ya viti, uliopigiliwa kuzunguka tundu. Nilitumia shazia, ile sindano nene ya magunia, na uzi niliouvuta kwenye nta mara mbili. Mimi ni shoto, na mishono yangu hulala upande ambao haulali mshono wa mtu mwingine yeyote, na siku ile niliipanga kwa ukaribu kama meno. Kisha nikaifunika kwa utepe mwembamba mweusi ili isionekane. Vile vifungo vya shaba vilikuwa vizuri, nikaona vibaya kuvitupa. Nikavisugua kwa majivu vikang'aa, nikavirudisha palepale kwa urembo. Havikuwa vinafunga chochote.

Ambacho sikukijua, kwa sababu nilifika baada ya yule mwalimu kuondoka na hakuna aliyefikiri kuniambia, ni kwamba lile paa lilikuwa mlango wa pili. Gari lenye mlango puani likigusa ukuta, haliwezi kufunguka, na lisilo na rivasi haliwezi kujiondoa. Mwalimu alikuwa amemwonyesha Rukia: fungua vifungo vinne, sukuma turubai, toka juu. Rukia hakuwahi kuuhitaji mlango huo kwa mwaka mzima, maana alikuwa mwangalifu, akasahau hata kuutaja. Aliporudi akakaa ndani na kutazama juu, alipiga makofi. "Hata mwanga hauingii! Mwende, wewe ni mtu mbaya sana!" Akanikumbatia, akanuka udi na pilau. Naona mpaka leo alivyogusa kimoja cha vile vifungo kwa ncha ya kidole, akivutiwa na mng'ao wake.

Yaliyotokea Mbooni sikuyaona. Niliyasikia mara nyingi sana, mengine yakisimuliwa na watu ambao hawakuwepo. Kabla ya kupanda milima, barabara inakata mto wa mchanga, mkavu sehemu kubwa ya mwaka, na wachimbaji walikuwa wameacha lundo la mchanga upande wa pili. Yai liliteremka, breki zikateleza, pua ikazama kwenye lundo mpaka usawa wa kioo. Rukia alimtuliza mjomba. Akamwambia kuna mlango wa juu, akafungua vifungo vinne, akasukuma. Akasukuma tena kwa mikono miwili, kisha kwa mabega, kisha kwa miguu akiwa amelala chali kwenye benchi na mjomba wake mheshimiwa amejikunyata kando. Vidirisha vya pembeni vilipitisha mkono tu. Ilikuwa saa sita ya mchana, jua la kwetu, ndani ya chupa. Walikaa humo karibu saa mbili. Wanawake waliokuja kuchimba maji mchangani ndio waliowakuta, na kwanza walicheka mpaka wakaketi chini. "Ai, wewe mzee," mmoja akamwuliza kupitia kidirisha, "kwani mama yako alikuwa kuku?" Kisha wakaona kwamba hajibu, wakaacha kucheka. Walilikata turubai kwa panga pande tatu, wakamtoa Mjomba Omari kwa makwapa, kanzu imechanika, kofia imebaki ndani, amezirai, wakamlaza mchangani kwa fulana tu na kummwagia maji ya kibuyu mbele ya punda wao. Alizinduka. Habari zilifika Kitui kabla yake. Jioni ile watoto wa mjini walikuwa na mchezo mpya wa kifaranga anayetoka kwenye yai.

Kesho yake asubuhi walikaa sebuleni. Nilikuwa nyuma ya pazia, kwenye meza ya kukatia, na mbele yangu kulikuwa na sahani ya pilau la jana ambalo sikuweza kulila. Bi Zuhura alikuwa amelibandua lile turubai pamoja na ukanda wake na kulileta ndani. Nilisikia likiwekwa juu ya meza. Mjomba Omari aliongea polepole, bila ukali, na hilo lilinitisha zaidi. "Sitaki kujua habari za mchanga. Mchanga ni kadari. Nataka kujua nani aliyenishonea ndani kama maiti." Bi Zuhura ndiye aliyenifundisha kazi, alijua mkono wangu kama anavyojua mwandiko wa mwanawe. Nilisikia utepe ukichanwa, kisha kucha yake ikipita juu ya mishono, moja, moja. Nilichotakiwa kufanya ni kusogeza pazia. Lilikuwa la kitenge, jepesi, mtoto angelisogeza. Nilifikiri juu ya chumba changu cha kando na vile viti vya lori, nikafikiri juu ya viatu vya mtu mwingine, na mkono wangu ukabaki juu ya meza.

"Ni mimi," Rukia akasema. "Nilichoka na vumbi. Nikalishona mwenyewe."

Rukia hakujua kushona hata kifungo cha shati. Mama yake alilijua hilo kuliko mtu yeyote duniani, na mama yake akasema, "Basi," akalikunja turubai. Nimekaa na neno lile kwa zaidi ya miaka arobaini. Siku nyingine nasema alininusuru mimi, mtoto wa watu asiye na pa kwenda. Siku nyingine nasema alichoka kuvutana na kaka yake akaona mlango umefunguka. Sitajua. Ninachokijua ni cha upande wangu wa pazia, nacho ni kwamba nilikuwa na nafasi na sikusema, na niliendelea kuwa na nafasi kila siku kwa miezi mitatu iliyofuata, sikusema.

Yai liliuzwa kwa mtu aliyelipandisha kwenye lori kama mzigo wa viazi. Rukia alisimama uani mikono ikiwa kichwani, hakulia. Mimi nililia, na akaja akanishika bega, yeye ndiye akanishika mimi, nikajitoa mkononi mwake kwa kisingizio cha kazi. Tangu hapo nilimkwepa. Ilikuwa rahisi kuikwepa aibu kwa kumkwepa yeye. Nilimshonea mito ya harusi, kumi na miwili, mizuri, na siku alipoondoka kwenda Mwingi nilijificha chooni mpaka nikasikia magari yameisha. Aliniandikia barua mbili. Ya kwanza ilisema nyumba yake ina baridi asubuhi na hakuna anayejua kupika muthokoi. Ya pili ilisema amezaa binti. Sikujibu. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa na karakana yangu hapa Wote, nilipelekwa Mwingi kushona mapazia ya shule, nikamwona ng'ambo ya barabara mlangoni mwa duka lao, amenenepa, anamkemea mtoto huku akicheka. Nilisimama pale kwa muda wa kunywa soda. Kisha nikarudi kwenye mapazia. Nilikuwa na hotuba yangu ya kumwomba radhi, niliyoitunga na kuirekebisha kila Idi, nikaona bado haijakaa sawa.

Jumamosi nilifika. Zaituni ni mrefu kama mama yake na ana kile kicheko, ingawa siku ile alikiweka kando. Alinikalisha, akaniletea chai ya tangawizi na mahamri, wala hakuniuliza nimesafirije wala kwa nini sikuwahi kufika. Alikaa tu akanitazama nikinywa. Nilipomaliza kikombe, akaingia ndani akatoka na kitu kilichofungwa kwa leso, akaniwekea mapajani. Nililijua kwa uzito kabla halijafunguliwa. Turubai limefifia, lina ule ukanda wa leza, pande tatu zimekatwa ovyo kwa panga. Nikaanza hotuba yangu na yote ikanipotea. Nikasema tu, "Zaituni, si mama yako aliyelishona hili. Ni mimi."

"Tunajua, Anti."

"Mnajua?"

"Tangu tukiwa wadogo. Alitufundisha kuangalia mishono, ilivyolala. Alisema huyo ni Mwende, ni shoto, na hiyo ndiyo zawadi pekee aliyowahi kushonewa bila kuomba." Akashusha pumzi. "Kila Idi pili alikuwa anakaa pale mlangoni na kikombe kimoja zaidi. Anasema Mwende ana haya, zikimwisha atakuja. Na akija, apewe chai kwanza, asiulizwe kitu. Tukimuuliza zitaisha lini, anacheka."

Sikuweza kulia hapo mbele ya mtoto wa watu. Nikauliza, ili niulize kitu, kama aliwahi kuendesha tena. "Hata siku moja. Baba alikuwa na pikapu, akamwambia endesha, akakataa. Lakini sisi, yeye ndiye aliyetufundisha, wote watatu, akiwa amekaa kando. Na alitufundisha rivasi kwanza. Wiki mbili, rivasi tu, uani, majirani wanatucheka. Alisema hakuna kwenda mbele mpaka ujue kurudi."

Alinipeleka mpaka ua wa makaburi. Sikuingia, nilibaki nje ya seng'enge na lile turubai kwapani, na akanionyesha kwa kidole udongo uliokuwa bado na rangi mbichi. Upande mmoja wa turubai panga halikuufikia siku ile mtoni. Niliupapasa mshono wangu, nikaingiza kucha chini ya uzi na kuvuta kwa nguvu zote zilizobaki katika vidole hivi. Haukuachia. Nilikuwa nimeshona vizuri sana.